Kiharusi huanza, nimonia humalizia

Mgonjwa wa kiharusi akifariki siku ya tano au ya sita, msibani utasikia: "Alikuwa anaendelea vizuri, ghafla nimonia ikamchukua." Lawama huangukia feni ya wodini, au maji ya baridi aliyoogeshwa alfajiri. Mimi naona feni inasingiziwa.

Ubongo ukiumia, kinga ya mwili mzima huyumba. Mwili huingia katika hali ya dharura, tezi za adrenali zikamwaga adrenalini na kotisoli, homoni za msongo, na ndani ya siku moja au mbili limfositi, yaani seli nyeupe za kinga, hasa aina ya seli T, hupungua kwenye damu. Nyingi hufa. Zilizobaki hutoa kwa shida interferoni-gama, kemikali inayozichochea seli zinazomeza bakteria. Ajabu ni kwamba wakati huohuo, pale penye kidonda ubongoni, seli nyingine za kinga zinafurika na kuzidisha uvimbe. Mwaka 2003 watafiti wa Berlin walionyesha kwamba panya waliosababishiwa kiharusi waliugua nimonia bila kuambukizwa na yeyote, na waliopewa propranololo, dawa kongwe ya presha inayozuia kazi ya adrenalini, walinusurika zaidi. Msikimbilie duka la dawa. Panya ni panya.

"Basi achomwe antibayotiki mapema," ndugu husema. Imejaribiwa. Mwaka 2015 tafiti mbili kubwa, moja ya Uholanzi na nyingine ya Uingereza, ziliwapa wagonjwa antibayotiki kabla hawajaugua. Nimonia haikupungua.

Kinachoniudhi ni chupa ya uji. Mgonjwa amelala chali, mdomo umepinda, na shangazi anamlisha kwa upendo wote: "Hajala tangu jana!" Koo limelegea, uji unateremkia mapafuni pamoja na bakteria wa mdomoni, na mara nyingine hata hakohoi. Mapafu yenye kinga timamu huenda yangejitetea. Haya hayana askari wa kutosha.

Kipimo cha kumeza ni kijiko cha maji: mkalishe wima, mpe kidogo, tazama kama anakohoa, sauti inakuwa ya majimaji, au maji yanachuruzika pembeni mwa mdomo. Australia, mwaka 2011, wodi ambazo wauguzi walifuatilia homa, sukari na kumeza zilikuwa na wagonjwa wachache zaidi waliokufa au kubaki tegemezi baada ya siku 90. Ningekuwa na kauli, matokeo ya kumeza yangebandikwa kitandani kabla ndugu hawajaruhusiwa kuingia na chupa, na asiyeweza kumeza angewekewa mpira wa kulishia siku hiyohiyo.