Jina la Kumbini na Spika za Kukodi

Shule zilipofunguliwa Januari, mwalimu mmoja wa darasa la nne huko Tandahimba alikuwa akiita majina. Akafika kwa mvulana mmoja, akaita mara mbili, kimya. Mtoto mwenyewe yupo, kakaa dawati la pili, kainamia daftari. Darasa linacheka chini chini. Mwishowe jirani yake akamwonea mwalimu huruma: "Mwalimu, hilo jina kaliacha kumbini."

Mwalimu huyo, mtu wa Kilimanjaro, alinisimulia kama kichekesho. Mimi niliyezaliwa Mtwara sikucheka sana. Kwa Wamakonde, Wayao na Wamakua, aliyepita kumbini, yaani aliyechezwa jando au unyago, hutoka na jina jipya, na kumwita kwa lile la utotoni ni kumvunjia heshima mbele za watu. Cheti cha kuzaliwa hakina habari hiyo, wala kitambulisho cha NIDA. Mtu anaishi na majina mawili: moja la ofisini, moja la nyumbani, na ukitaka kujua lipi analijibu kwa moyo, msikilize anavyoitikia akiitwa kwa ghafla.

Nimeanza na jina kwa sababu ndilo linalosahaulika mabishano juu ya jando na unyago yakianza. Na huanza kila mwaka. Msimu wa korosho ukinoga, minada ya vyama vya ushirika vya TANECU na MAMCU ikishalipa, shule zikifungwa, ngoma zinawambwa. Wanaopinga wanasema mtoto akishachezwa anajiona mkubwa, masomo yanamtoka kichwani, utoro na mimba vinafuata, na hela ya korosho iliyopaswa kununua sare imeishia kwenye pilau na vitenge. Wazee wanajibu kwamba asiyechezwa ni msungo: hajui kuamkia, hajui kujisitiri, hana wenzake. Anayetaka unyago ufe, wanasema, anataka sisi tufe.

Kabla sijaenda mbali, tuache kuchanganya mambo. Unyago wa Kusini si ukeketaji. Nimewahi kukaa kwenye semina moja Lindi mjini ambapo mtoa mada alitumia asubuhi nzima kuonya juu ya wembe ambao kungwi wa Kimwera hajawahi kuushika kwa kazi hiyo. Akina mama waliokuwa nyuma walinyamaza kwa adabu, na nadhani tangu hapo hawakusikia neno lingine lolote alilosema, hata yale ya maana.

Na ya maana yapo. Hoja nzito kuliko zote ni ya umri. Wayao, kwa mfano, walikuwa na hatua: chiputu mtoto akiwa bado mdogo, kisha mafunzo ya kuvunja ungo, kisha litiwo mwanamke akipata mimba ya kwanza. Kila hatua na maneno yake. Siku hizi, kwa familia nyingi ninazozifahamu, yote yanamiminwa mara moja kwa mtoto wa miaka minane au tisa, kwa kuwa fedha ipo mwaka huu na mwakani haijulikani. Mtoto anafundishwa ya mke wa mtu kabla hajamaliza kuota meno. Hapo sina cha kumtetea mzee yeyote.

Ila sikubali kwamba ubaya uko kwenye ngoma. Naona watu wanagombania kitu ambacho kimeshabadilika mikononi mwao bila wao kukiangalia, nacho ni muziki wenyewe.

Wimbo wa unyago ni fumbo. Unaimba kinu na mchi, unaimba mtungi, unaimba njia ya kisimani. Kungwi anaimba, wali, yaani wasichana wanaochezwa, wanaitikia, ngoma inajibu, na baadaye, ndani, mwali anaelezwa kile anachopaswa kukijua kwa umri wake. Mtoto wa miaka tisa anatoka na kinu na mchi tu. Akikua, akiolewa, siku moja anatwanga mtama, wimbo unamrudia, anacheka peke yake. Fumbo lilikuwa kufuli. Lilimruhusu mtoto kukaa chumba kimoja na watu wazima bila kubebeshwa mizigo yao.

Sasa nenda uani siku ya kutoa wali. Mwaka juzi nilikuwa Newala kwa shughuli ya mpwa wangu. Akina mama wameketi kwenye mkeka, wamewasha makuti makavu, wanazikaribisha ngoma motoni ngozi zikaze. Mmoja anaigonga kwa vidole, anasikiliza, anaisogeza tena. Upande wa pili wa ukuta wa makuti, jenereta inanguruma, na spika nne za kukodi zenye urefu wa mtu mzima zinapiga singeli. Kungwi alianza wimbo mara tatu. Mara ya tatu nilimwona mdomo unakwenda, sauti siisikii. Wakati huo huo watoto wadogo kuliko wali wenyewe wanakata mauno mbele ya spika, saa saba usiku, kwa maneno yasiyo na fumbo hata moja.

Nilimuuliza shangazi mwenye shughuli: "Shangazi, spika za nini na ngoma ipo?" Akanitazama kama mtu aliyekaa sana mjini. "Mwanangu, ngoma inaleta wazee. Wazee watanitunza nini?" Alikuwa na haki yake. Shughuli ni deni: ulitunza kwa wenzako, siku yako wanakurudishia, na vijana wenye hela ya bodaboda na korosho hawaji kusikiliza kinu na mchi. Singeli nayo si mgeni wa kulaumiwa. Ni muziki wa uswahilini Dar es Salaam, na nusu ya vijana wanaoucheza huko wana bibi zao huku. Namwelewa shangazi. Bado naona amemkodishia kungwi mpinzani.

Mtu atasema mila zinahifadhika jukwaani. Ni kweli kwa sehemu. Serikali ilipoanzisha wizara ya utamaduni mwaka 1962, ngoma za makabila zilipandishwa majukwaani, na sindimba ikajulikana nchi nzima. Leo hata mtoto wa Mwanza anaweza kukuonyesha kiuno kinavyokwenda. Mtwara kumekuwa na tamasha la MaKuYa, jina lililokatwa kutoka kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao. Hapo lipiko, mchezaji wa kinyago wa Kimakonde, hutoka mchana kweupe: kinyago kichwani, mwili wote umefunikwa nguo usione hata ukucha, njuga zikilia. Napenda kuliangalia, sioni aibu kusema. Lakini zamani nguvu ya lipiko ilikuwa kwamba mwanamke na msungo hawatakiwi kujua ni nani yuko ndani. Mtangazaji akishataja jina la kikundi na kijiji chake kwenye maikrofoni, tumebaki na uhodari wa miguu.

Kuna jaribio la zamani linalonivutia zaidi, nalo lilifanyika hapa hapa. Vincent Lucas, Mwingereza aliyekuwa askofu wa Kianglikana wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, hakulipiga marufuku jando. Alilichukua: kumbi likabaki, tohara ikabaki, wavulana wakakaa pamoja kama ilivyokuwa, ila sala zikaingia mahali pa matambiko na mapadri wakawa na kauli juu ya kinachofundishwa. Unaweza kusema aliliteka, na hutakosea. Kuamua kipi cha babu zako kibaki si kazi ya mgeni. Lakini alijua jambo ambalo wengi wanaosimama na vipaza sauti leo hawalijui, kwamba ukimnyima kijana kumbi umemnyima wenzake na jina. Wazazi kadhaa ninaowajua wamefika hapo wenyewe bila askofu: kijana anatahiriwa hospitali, kisha mjomba anamchukua kwa mafunzo wakati wa likizo. Kwa wasichana hatujafika, na sidhani tutafika mpaka makungwi waitwe kwenye vikao vya shule kama wajuzi wa kazi yao, si kama watuhumiwa.

Juzi mpwa wangu alikuja likizo. Ana miaka kumi na moja sasa. Nikamwambia, "Hebu niimbie hata mmoja wa zile za kule." Nilishajiandaa aniimbie singeli, nipate ushahidi wa makala hii. Akatikisa kichwa: "Mjomba, zile haziimbwi nje." Akaendelea kuosha vyombo. Baada ya muda nikasikia vidole vyake vinagonga ubavu wa beseni, taratibu, kisha haraka, na mama yake aliyekuwa jikoni akageuka, akamtazama, akanyamaza.