Mafunjo na matete yarudi kijitoni, ila si kila mahali

Wanaotaka mimea asilia irudishwe kwenye vijito vya vijijini wana hoja nzito. Mafunjo na matete hushika kingo kwa mizizi, hupunguza kasi ya maji ya mvua na kufanya tope litue kabla ya kufika kwenye banio la umwagiliaji. Kwa Tanzania hata ardhi ya kupandia ipo, walau kwenye karatasi: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Wanaopinga huonekana kama watu wasiopenda mazingira. Hilo si haki. Konokono wanaoeneza kichocho hustawi kwenye maji yaendayo polepole yenye majani, na ndimo watoto wanamooga. Utafiti wa miaka mitatu katika jamii 16 za Senegali, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba palipoondolewa magugu ya majini kwenye sehemu za kuchotea maji, maambukizi ya kichocho cha tumbo kwa watoto yalikuwa machache kuliko kwingine. Wakulima wa mpunga na mtama nao wana lao: kwelea kwelea hulala kwenye matete.

Ila gugu lililotawala kule Senegali, Ceratophyllum, huzama majini na hunenepeshwa na mbolea inayosombwa kutoka mashambani. Matete yaliyo ukingoni ni jambo jingine, ingawa nayo hayana usafi wa kuapiwa. Yakiachwa yazibe mkondo, maji hutuama na konokono hupata makao. Kwa hiyo mimi naunga mkono upandaji wenye mipaka: kingo zinazomomonyoka zipandwe, lakini visima vya pembeni, vivuko na sehemu za kufulia ziachwe wazi mita kadhaa juu na chini.

Kazi yenyewe hufanywa masika yakiisha, maji yakianza kupungua. Ukipanda kabla ya mvua, mafuriko ya kwanza yatakusombea kila kitu. Chimba vipande vya shina la chini ya udongo vyenye urefu wa sentimita 20 hadi 30, kila kimoja kikiwa na machipukizi mawili au matatu, kutoka kijito hichohicho au cha bonde lilelile. Usimalize shamba mama. Osha tope lote, maana kipande kidogo tu cha gugu-maji kikiingia, umejiletea adui. Panda kwa nafasi ya nusu mita hadi mita moja, maji yasizidi kina cha sentimita 10, na ncha za machipukizi zibaki juu ya maji. Zikizama, mmea hukosa hewa na kuoza. Pigilia kigingi kila kipande penye mkondo.

Kinachoua miche mingi zaidi, hata hivyo, ni ng'ombe. Chipukizi changa ni tamu, na kwato hukanyaga mizizi kabla haijashika. Bila uzio wa miiba kwa msimu mmoja na njia moja ya mifugo yenye mawe, heri usianze. Baada ya hapo kata matete kila kiangazi, kwa zamu upande mmoja mmoja, yawe mikeka na paa. Yasiyokatwa ndiyo yatakayoziba mkondo na kuwapa wapinzani ushahidi.