Dhahabu Bila Mshenga

Niliporudi likizo kutoka masomoni Ulaya, sikumletea bibi chokoleti. Nilimletea kisahani cha silikoni, ile ngumu ya kutengenezea chipu za kompyuta, upana wake inchi 2, upande mmoja nimekipaka dhahabu mwenyewe maabara. Kinang'aa hata ukijitazama unaziona nywele za pua.

Alasiri baraza letu la Kikwajuni likajaa watu. Kisahani kikapita mkono kwa mkono mpaka kwa mjomba, sonara wa Mji Mkongwe.

"Unene wake?"

"Nanomita 100, mjomba."

"Sema tukufahamu."

"Unywele mmoja unaishinda kwa unene mara mia kadhaa."

Akanirudishia. "Basi hii si dhahabu. Hii harufu ya dhahabu."

Watu wakacheka, nami nikapandwa na mori. Nikawaambia, nyie ngojeni niwaonyeshe tunavyopima: unabandika selotepu, unabonyeza, unaivuta kwa nguvu, dhahabu ikibaki, imeshika. Bibi akanitolea ile selotepu pana ya kufungia maboksi. Nikabandika, nikasugua kwa ukucha, nikapiga bismillahi, nikavuta.

Dhahabu yote ikaja. Mkononi nimebaki na kigae cha kijivu.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Dhahabu ina maringo, haina hamu na oksijeni, na uso wa silikoni umejaa oksijeni: una utando mwembamba wa oksaidi, jamaa yake kioo. Kwa hiyo lazima atangulie mshenga, metali ya kromu au titani, nanomita 5 tu zinatosha. Huyo anaipenda oksijeni, huku chini anang'ang'ania, huku juu anamshika bi dhahabu mkono. Siku ile nilikuwa na haraka ya kuwahi basi. Nilioza bila mshenga.

Nikawaeleza yote hayo. Mzee mmoja akauliza kama mahari yamerudishwa.

"Yote pamoja uzito gani?" mjomba akauliza, na najua alikuwa anajua.

"Kama miligramu 4."

"Mie nikitengeneza kipini, ninachofagia chini ni zaidi."

Bibi ndiye peke yake aliyekuwa hacheki. Akanipokonya selotepu, akaingia nayo ndani, akaibandika kwa zile ncha zake mbili zilizosalia na gundi kwenye mlango wa kabati la kanga. Akarudi nyuma hatua moja, akaitazama inavyomeremeta.

"Mjukuu wangu," akaniita kwa sauti ya kufika barazani, "njoo uone. Huku imeshika."