Takwimu za mama, kadi ya benki

Kuna jambo linaniuma mpaka leo. Mwaka 2003 nilikuwa nasoma uchumi, na kila Jumamosi napanda matatu hadi saiba moja ya barabara ya Oginga Odinga hapa Kisumu, kutafuta ripoti za maendeleo. Saiba ililipisha kwa dakika. Unabofya faili ya PDF, mstari wa buluu unatambaa, unafika nusu, laini inakatika. Unaanza upya, na dakika zinahesabiwa vilevile. Nani alirudishiwa hela? Hakuna.

Siku faili ilipokubali kushuka yote, ilikuwa megabaiti tatu. Disketi yangu inabeba 1.44. Nikakaa pale na kalamu nikinakili jedwali la Kenya kwa mkono, safu kwa safu, mwenye zamu akitazama saa.

Enzi hizo intaneti yetu ilipitia setilaiti. Nyaya za baharini zilifika Mombasa 2009. Hilo nasamehe. Nisichosamehe ni takwimu kufungiwa. Benki ya Dunia iliuza sehemu kubwa ya takwimu zake kwa usajili mpaka Aprili 2010. Takwimu za nani, jamani? Makarani wa sensa ya 1999 walipita Nyalenda na Ahero wakiuliza mama zetu wanachota maji wapi, wanapikia nini. Wakajibiwa bure, tena kwa heshima, wakapewa na kiti. Halafu mtoto wa mama huyohuyo anaambiwa atoe kadi ya benki ndipo aone hesabu ya nchi yake. Kadi yenyewe, mwanafunzi wa Kisumu angeitoa wapi?