Fundi Asitoke Kabla Hujashika Ufunguo

Mtoto wa mpangaji wangu ana miaka 14. Jioni moja ya Ramadhani, nikiwa nakoroga uji wa futari, alikuja akasimama mlangoni pa jiko, akasema polepole, "Anti, nimeingia kwenye ruta yako. Usinikasirikie." Ruta ndicho kile kiboksi kinachosambaza Wi-Fi nyumbani. Akanionyesha simu ya baba yake. Alikuwa ameandika 192.168.1.1 pale juu panapoandikwa anwani ya tovuti, ukurasa ukamwuliza jina na nywila, akaandika admin, kisha admin tena. Basi. Hakuvunja kitu. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu, yeye akausukuma.

Ndani ya ukurasa ule mlikuwa na orodha ya vifaa vyote vilivyokuwa vikitumia Wi-Fi ya nyumba yangu saa ile. Tukavihesabu, yeye akisoma majina, mimi nikikunja vidole: simu yangu, ya mama, mbili za ndugu yangu, televisheni, na za wapangaji wa vyumba vitatu. Tukafika tisa. Orodha ilikuwa na 17. Hapo ndipo nilipojua kwa nini bando la mwezi lilikuwa likikata roho tarehe 18 au 19, na mimi nikipiga simu kulalamika kwamba mtandao ni mbovu.

Tunaishi Bombo, katika ua alioacha marehemu baba: nyumba kubwa mbele, nyuma vyumba vya kupanga, vile ambavyo Kampala wanaviita mizigo. Ruta ililetwa na fundi ambaye sitamtaja, wala kampuni yake, kwa sababu nimeuliza ndugu na marafiki wa Jinja na Arua na karibu kila mmoja alifungiwa na fundi wa namna hiyo hiyo. Alitoboa ukuta, akapitisha waya, akaniuliza namba yangu ya simu. Nikampa. Akaiweka iwe nywila ya Wi-Fi, "ili usisahau, mama." Akanywa chai, akaenda zake. Muda wote ule hakuniambia kwamba ruta ina nywila mbili.

Hilo la nywila mbili ndilo linaloniandikisha leo. Ipo nywila ya Wi-Fi, hii tunayompa mgeni akiketi. Na ipo nywila ya ruta yenyewe, ya kuingia kwenye ile mipangilio. Ya kwanza ni ufunguo wa geti. Ya pili ni hati ya nyumba. Mtu akiwa nayo anaweza kubadilisha kufuli zote na kukuacha wewe nje. Kwenye ruta nyingi hiyo ya pili hutoka kiwandani ikiwa neno jepesi linalojulikana dunia nzima, au imechapishwa kwenye kibandiko chini ya kifaa, na yeyote anayeingia sebuleni kwako anaweza kukigeuza akasoma.

Msifikiri hili ni jambo la watoto wa uani tu. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilizunguka kwenye intaneti ikijaribu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani, kama 60 hivi. Kwa orodha hiyo ilikamata mamia ya maelfu ya kamera za ulinzi na ruta za majumbani, na mwezi Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vikatumika kuangusha huduma za Dyn, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikielekeza watu mahali tovuti zilipo, hata Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Wenye vifaa hivyo walikuwa wamelala. Hawakufanya kosa lolote ila kutogusa kile walichoachiwa na aliyewafungia.

Mtu aliyeingia kwenye mipangilio anaweza kufanya nini hasa? Kumaliza bando ndilo dogo. Ruta ndiyo inayoielekeza simu yako tovuti fulani iko wapi, kupitia mpangilio unaoitwa DNS. Ni kama kondakta pale kituo cha taksi: wewe unasema unakwenda Luweero, yeye anakuonyesha gari. Kondakta akibadilishwa akawekwa mwongo, utaandika jina la benki yako sawasawa, herufi kwa herufi, na bado upelekwe kwenye ukurasa wa kughushi. Kivinjari mara nyingi kitakupigia kelele kwamba ukurasa huu si salama. Lakini nimewaona watu wengi sana, wakiwemo wa nyumbani kwangu, wakibonyeza "endelea" kwa sababu wana haraka ya kutuma ada ya shule. Ukiona onyo la namna hiyo kwenye tovuti ya benki, simama hapo hapo. Zima Wi-Fi, tumia data ya laini yako.

Sasa turudi kwenye namba ya simu, kwa sababu naona Uganda nzima tumeifanya kuwa nywila. Namba zetu za mkononi zina tarakimu kumi na zinaanza na 07. Kinachobaki cha kukisia ni tarakimu nane, yaani namba milioni 100. Ukisikia milioni 100 unaona ni nyingi. Kwa kompyuta si nyingi. Simu yako inapoungana na ruta, vifaa hivi viwili hupeana salamu hewani, na mtu aliye karibu anaweza kuinasa salamu hiyo, akaenda nayo kwake, akakaa kitako kujaribu nywila moja baada ya nyingine bila wewe kuona kitu. Kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro hujaribu mamia ya maelfu kwa sekunde. Chukua 400,000: namba zote milioni 100 zimekwisha kwa dakika nne na kidogo. Na jirani anayeijua namba yako hahitaji hata hizo dakika nne.

Nywila ya Wi-Fi inaruhusiwa kuwa na herufi 8 hadi 63. Tumia nafasi hiyo. Chukua maneno manne au matano yasiyo na undugu, yaliyokujia bila mpango, mfano wa mbuzi, sahani, Gulu, kijiko, mvua. Huu mfano usiutumie, umeshatoka hadharani. Lugha zetu ni hazina hapa. Changanya Kiswahili na Kinubi au Kilugbara, na anayekisia kwa orodha za maneno ya Kiingereza atahangaika sana. Mama yangu, ambaye hajasoma Kiingereza, ndiye aliyetunga yetu na hajaisahau hata siku moja.

Kuna watakaosema dawa ni kutomgawia mtu. Siwaungi mkono. Katika ua wetu mtu akipika anapelekea jirani sahani, na mgeni akifika baada ya maji ataomba Wi-Fi. Watoto wa wapangaji wanafanyia kazi za shule hapo. Kumnyima mtoto mtandao eti kwa ajili ya usalama ni uchoyo, na ruta nyingi za sasa zinakupa njia ya kuuepuka: mtandao wa wageni. Unauwasha kwenye mipangilio, unaupa jina na nywila yake. Wageni wanapata intaneti, lakini hawaifikii kompyuta yako wala kurasa za ruta, mradi hukuwaruhusu huko ndani. Ukitaka kubadilisha nywila ya wageni kila mwezi, badilisha, ya familia inabaki palepale. Televisheni na kamera za bei nafuu nazo nimezihamishia huko, maana watengenezaji wengi wakishaziuza hawazikumbuki tena.

Kwenye aina ya ulinzi chagua WPA3 kama vifaa vyako vinaikubali, la sivyo WPA2. WEP, ulinzi wa zamani zaidi, ilivunjwa tangu 2001, na ruta inayotoa WEP peke yake haifai hata kwa bure. Zima WPS, ile njia ya kuunganisha kwa kitufe au PIN ya tarakimu nane: mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba PIN hiyo hukaguliwa vipande viwili, hivyo majaribio 11,000 yanatosha kuipata. Kuficha jina la Wi-Fi hakusaidii kitu, msijisumbue.

Sasisho za ruta ni muhimu, ila kwa umeme wetu chagua wakati. Umeme ukikatika katikati ya sasisho ruta inaweza kufa kabisa. Mimi hufanya alfajiri, mbingu zikiwa safi, nikishahakikisha Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, haijakaribia kuisha. Na ukinunua ya mtumba, kabla ya kuiunganisha na intaneti iwashe, ubonyeze kile kitundu cha nyuma kwa kijiti kama sekunde kumi ili irudi ilivyotoka kiwandani, ndipo uweke nywila zako mwenyewe. Hujui aliyekuwa nayo aliacha nini ndani.

Linalonitia hofu zaidi ya bando ni jina langu. Laini iliyo ndani ya ruta imesajiliwa kwa kitambulisho changu cha taifa. Mtu akitumia mtandao wangu kumtapeli au kumtukana mwingine, njia ya kwanza ya kumtafuta inafika kwenye mlango wa nyumba ya marehemu baba yangu. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa kwa sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2011, lakini kabla ya kufika kwa mkosaji mimi ndiye nitakayekuwa nimekaa kwenye benchi nikijieleza.

Kwa hiyo nawaambia mafundi na kampuni zao waziwazi: kazi haijaisha mpaka mwenye nyumba ameandika nywila zote mbili kwa mkono wake, na amezielewa kwa lugha anayoisema. Katiba yetu imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, na bado kijitabu nilichokuta ndani ya boksi ni cha Kiingereza na Kichina. Dakika kumi za maelezo zinatosha. Nasi tunaofungiwa tusione haya kumwambia mtu, "Kaa kwanza, chai ipo, nionyeshe."

Yule kijana sasa anaitwa ua hata ua. Juzi nilimsindikiza kwa jirani, mama mmoja anayeuza vitenge sokoni. Kijana akamfungulia ukurasa wa mipangilio, akamwonyesha mahali pa kuandika, akampa simu mkononi. Mama yule akamwambia, "Andika tu wewe mwanangu, mimi macho yangu hayaoni vizuri." Kijana akaongeza ukubwa wa herufi, akasogea kando, akageuza uso kuelekea ukutani. Tulingoja kimya, mama akibonyeza herufi moja moja, mpaka aliposema, "Haya, nimemaliza."