Meli Imekwama Kiboriloni

Asubuhi hii nimegongwa na meli. Moshi hii hii, ambako maji tunayoyajua ni ya ndoo, tena siku yakitoka. Nimeinama nifunge kamba za viatu, kuinuka, paa! Fremu ya utosini. Mama Neema akatoka jikoni mbio, akanipita, akaishika picha.

"Haijapasuka?"

Mimi je?

Picha yenyewe aliiona kwenye simu. Eti watu wenye sebule zao siku hizi wanatundika picha za zamani, nyeusi na nyeupe, za meli za mwanzo kubeba mafuta. Mlima wetu ukateremshwa ukutani, kwa hoja kwamba Kilimanjaro tunauona dirishani bure. (Tunauona mawingu yakitaka.) Shemeji yangu akaichapisha picha, akaifikisha kwa fundi fremu mjini. Kulipa na kubeba kukaachiwa Baba Neema. Hela ya fremu ndiyo ilikuwa hela ya mtungi wa gesi. Tunapikia mkaa.

Mmeshapanda Hiace na fremu yenye upana wa meza? Nilivaa koti, maana mtu aliyebeba sanaa lazima aheshimike. Konda akanitazama, akaitazama picha.

"Mzee, hiyo nayo ni abiria."

"Kijana, hii ni historia."

"Basi historia nayo ilipe."

Nikailipia. Nikaipakata, mimi sioni mbele, na wenzangu wanaona meli yenye miguu. Mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi akauliza, "Baba, hiyo meli mbona iko mchangani?"

Hapo ningenyamaza. Lakini shemeji alikuwa ameandika maelezo nyuma ya picha, na mimi shuleni nilikuwa kiranja. Nikasafisha koo. Nikawaeleza kwamba zamani mafuta yalivuka bahari ndani ya mapipa ya mbao, yanavuja, yanajaza nafasi. Mwaka 1886, kule Newcastle, Uingereza, wakamuundia Mjerumani mmoja meli hii, ambayo mafuta yanamiminwa moja kwa moja kwenye matangi ya tumboni mwake, pipa halipo. Inaitwa Glückauf. Ni salamu ya wachimba migodi wa Kijerumani, wanatakiana heri. Kama vile, tuseme, Goodluck.

Gari zima likamgeukia konda. Konda anaitwa Goodluck.

"Sasa huyo Goodluck wako alifikaje mchangani?"

Nikasema ilikwama mwaka 1893, mahali panapoitwa Fire Island, New York, na safari ikaishia hapo.

"Miaka saba tu!" mama wa ndizi akasema, akimtazama konda kwa huruma. Konda akang'aka, jina lake kapewa na bibi yake, kabatizwa nalo, asifananishwe na chombo. Mzee mmoja siti ya nyuma, kofia magotini, akanyoosha kidole kama yuko darasani. Alitaka kujua, mafuta yalipoachana na mapipa, bei nayo ilishuka? Tulicheka kile kicheko cha kwenye msiba. Dereva naye akageuka aione hiyo meli, tukampigia kelele atazame barabara, na katika kelele hizo gari likakohoa. Likakohoa tena. Likazima.

"Mafuta," dereva akasema, kwa sauti ya chini.

Kila jicho likahamia kwangu.

"Mzee, hiyo haina hata lita mbili?"

Goodluck akachukua kidumu, akashuka bila kuniaga. Nusu saa nimesimama kando ya barabara nyuma ya ile picha, inanikinga jua, na sijaona faida yake nyingine hadi leo. Mtoto wa shule akadhani nauza, akauliza bei. Nilimeza mate. Nikamtazama yule mtoto, nikatazama huku na huku kama kuna anayemjua Mama Neema. Kulikuwa na wawili.

Basi ikatundikwa. Sasa, aliyeichapa aliikata kombo kidogo. Ukinyoosha fremu, meli inainama. Ukinyoosha meli, fremu inainama. Hakuna mgeni anayekaa akatulia. Jana mweka hazina wa kikoba alisimama pale robo saa nzima, anasogeza kushoto, anarudisha kulia, anarudi nyuma anafumba jicho moja, chai yake ikaota utando. Unafikiri msumari umelegezwa na nani? Na kichwa kinachovimba ni cha nani?

Na ya pili iko njiani. Hiyo ni Murex, meli ya kwanza ya mafuta kupita Mfereji wa Suez, mwaka 1892, imejaa mafuta ya taa inapeleka Asia. Mimi niliyesoma kwa kibatari mpaka matundu ya pua yakawa meusi, leo naletewa mafuta ya taa yawe pambo la koridoni! Nikauliza kwa upole, koridoni si kuna giza, nani ataiona? Akasema ninunue umeme. Luku imekata tangu juzi.

Halafu msumari wenyewe si wetu, tuliazima kwa jirani. Leo kapiga hodi mara mbili. Anasema amepata saa ya ukutani.