Besi ya Osaka

Kwa miezi miwili na siku kadhaa nilikuwa mtaalamu wa besi. Watu waliniuliza maswali nami nikawajibu, tena kwa kirefu, tena bila kuulizwa mara ya pili.

Mashine yenyewe niliinunua Ilala, kwenye banda la vitu vilivyotumika vya kutoka Japani. Kulikuwa na majokofu, baiskeli na masufuria ya umeme ya kupikia wali, na pembeni kabisa, chini ya feni tatu, pleya ya santuri ya kuzungushwa na mkanda, mbao rangi ya kahawa, mfuniko wake una ufa mmoja tu. Muuzaji alitaja 180,000, tukamalizana kwa 150,000. Akanipiga begani: "Bosi, Mjapani hasemi uongo." Na kweli hakusema. Nyuma ya mashine kulikuwa na kibati kilichoandikwa AC 100V 60Hz, maandishi ya kusomeka hata na asiye na miwani. Mimi nikasoma mpaka kwenye V, nikaishia hapo.

Kwenye V nilikuwa makini sana, maana kwenye kundi letu la WhatsApp haupiti mwezi mtu hajachoma kitu cha Kijapani. Umeme wa nyumbani kwao ni volti 100, wetu 230. Ukichomeka moja kwa moja unapata moshi, harufu ya soksi iliyoungua, na pole zisizo na idadi. Kwa hiyo nikanunua transfoma ya kushusha umeme, nzito kama tofali, nikaipiga picha, nikaituma na maneno: "Wengine tunasoma kwanza." Picha hiyo bado ipo. Kila nikijisahau kuna mtu anairudisha.

Kundi letu ni la wapenda vyombo vya muziki, na ukituweka kwenye daladala moja hutaamini tunajuana. Kuna mzee wa Ilala, mstaafu wa reli, mtu wa dansi tangu enzi hizo, ambaye bendi ya Sikinde kwake ni kama Yanga kwa wengine na Msondo ni wale jirani zao. Kuna Bi Mkubwa wa Magomeni, miaka 71, taarabu tu, ana santuri ndogo za Mombasa alizorithi kwa mama yake. Kuna mwalimu wa Mbagala ambaye hajawahi kuvuka hata Namanga lakini ana santuri za Jim Reeves, yule Mmarekani wa kantri, kabati zima. Kuna dogo wa Manzese, singeli mwanzo mwisho, na kijana wa Mbezi anayevaa fulana nyeusi zenye mafuvu na kusikiliza hevi metali. Na kuna fundi majokofu wa Kimara, mwanakwaya, mtu ambaye akiandika neno moja kwa wiki ameongea sana.

Admini ana sheria mbili: siasa hapana, na muziki wa mwenzio haupondwi. Ya kwanza huvunjwa. Ya pili haijavunjwa hata siku moja. Mwalimu alipokosa fyuzi ya amplifaya yake, yule wa mafuvu ndiye aliyempelekea kwa bodaboda, na nauli akakataa. Bi Mkubwa akituma taarabu saa sita usiku, dogo wa Manzese anajibu, "Mama hii ni moto." Ni watu wema mno. Wema huo ndio ulioniponza.

Usiku wa kwanza nilipofunga mashine niliweka santuri ya Marijani Rajab. Marijani ndiye waliyemwita Jabali la Muziki, na siku ile, wallahi, lilikuwa jabali. Sauti ilitoka chini huko, nzito, pana, haina haraka. Gitaa la besi lilikuwa linatembea kama mtu aliyeshiba. Nikasisimka mikono. Nikarekodi kwa simu, nikatuma: "Sikilizeni besi HIYO. Hivi ndivyo santuri inavyotakiwa kusikika. Redio zimetudanganya miaka yote."

Majibu yakaja. "Hatari." "Kaka umeua." Mzee wa Ilala akachukua muda, kisha akaandika: "Mwanangu, hapo Marijani ametulia sana." Mimi nikaona ni sifa. Mwalimu akasema pengine simu imebana sauti kidogo, lakini hongera. Ni yule wa Mbezi peke yake aliyeandika kwa moyo wake wote: "Bro, hii ni DUM kabisa." Baadaye nilikuja kuelewa kwamba dum ni tawi la hevi metali linalopigwa polepole na kwa sauti za chini kabisa, kama watu wanaosukuma kabati.

Basi nikaanza kufundisha. Nilieleza uzito wa sahani, pembe ya sindano, na kwa nini mbao ya Kijapani "inalea" besi. Mtu akiuliza kuhusu spika, nilijibu kuhusu besi. Mke wangu alikuwa anapita sebuleni ananiangalia tu, hasemi kitu.

Nikajitia kimbelembele zaidi: nikawaalika nyumbani Mwananyamala, Jumapili, waje na santuri zao. Wakaja kumi na mmoja. Pilau ilipikwa, viti vikaazimwa.

Alianza Mwalimu, kwa adabu zake, na Jim Reeves. Sasa, Jim Reeves hata katika hali ya kawaida ana sauti ya kisimani. Alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1964, na Jumapili ile tulimsikia akiimbia kulekule aliko. Mwalimu alikuwa ameshika soda, hakuinywa. Wimbo ulipoisha akasafisha koo: "Kuna... utulivu."

Akafuata Bi Mkubwa. Alitoa santuri yake kwenye mfuko wa kitenge, akaifuta kwa pindo la kanga, akanikabidhi kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Nikashusha sindano. Vinanda vikaingia kama msafara wa harusi uliopotea njia, kisha mwimbaji akafungua kinywa. Bi Mkubwa akageuza shingo polepole kuiangalia spika. Akaiangalia tena jaketi ya santuri. Nilimsikia akimnong'oneza mke wangu, "Huyu si yeye. Huyu labda kaka yake." Lakini kwangu alisema, "Mwanangu, mashine yako ina busara."

Dogo wa Manzese hakuwa na santuri. Alichomeka simu yake moja kwa moja kwenye amplifaya, na singeli ikatoka vilevile inavyotoka siku zote. Hapo ndipo mtu mwenye akili angeshtuka, maana simu ilikuwa haipiti kwenye ile mashine. Lakini singeli nani ataipima? Mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, ukijaribu kuhesabu unapata kiungulia. Tulipiga makofi, tukarudi kwenye santuri, na mimi nikasema, Mungu anisamehe, "Mmeona tofauti ya besi?"

Wakaona.

Kisha mzee wa Ilala akaweka Marijani na kumwinua Bi Mkubwa wacheze. Mzee huyu anacheza dansi la zamani, mgongo umenyooka, miguu haipigi kelele. Nilikuwa nimekaa chini karibu na spika, kwa hiyo viatu vyake nilikuwa naviona vizuri: vyeusi, vimepakwa rangi, na kila mara mguu ulikuwa unafika chini kabla ya ngoma. Unafika, unasubiri. Unafika, unasubiri. Kama mtu anayengoja daladala. Baada ya muda akaketi na kujipiga goti: "Goti hili limeanza kunikimbiza." Bi Mkubwa akampa pole. Nami nikampa pole, tena nikampa na mto wa kuegemea.

Umeme ukakatika.

Jirani yetu kinyozi ana jenereta, kale kadogo ka petroli kanakolia kama pikipiki iliyofungiwa chooni. Akanirushia waya juu ya ukuta. Taa zikawaka kwa hasira, nyeupe kuliko kawaida. Nikarudisha sindano mwanzo wa Marijani.

Na Marijani akaamka.

Sijui niseme vipi. Gitaa likacheka. Tarumbeta zikaingia kwa wakati wake, na sauti ikapanda mpaka kwenye kifua cha kijana aliyeoga na kuchana nywele. Mzee wa Ilala alisimama kabla hajajua amesimama, goti na kila kitu. "Huyu!" akapiga kelele juu ya mlio wa jenereta. "Huyu ndiye Marijani wangu!" Akacheza raundi nzima peke yake, na mguu ukawa unakutana na ngoma kila mara.

Halafu watu wote wakageuka wakaniangalia mimi.

Fundi majokofu akainuka kimya, akawasha tochi ya simu, akainama nyuma ya mashine. Akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alisema sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kusema: "Kaka, hii ni ya hetsi 60, yaani mapigo 60 ya umeme kwa sekunde. Sisi tuna 50. Transfoma inashusha volti, hetsi haizigusi, na mota ya namna hii inafuata hetsi kama askari anavyofuata ngoma. Kwa hiyo miezi yote hii sahani inazunguka 28 kwa dakika badala ya 33 na theluthi. Kwa kinanda umeshusha kila mtu vitufe vitatu. Na jenereta la kinyozi, kuna mtu amelikaza gavana, kile kidhibiti mwendo chake, linakimbia kupita kiasi. Limefika 60 kwa ajali."

"Nilikaza mimi," kinyozi akasema juu ya ukuta. "Mashine za kunyolea zilikuwa zimelegea."

Fundi akaendelea, maana alikuwa ameshafunguka. Japani yenyewe ina umeme wa aina mbili. Karne ya 19 watu wa Tokyo walinunua mitambo ya Ujerumani, ya hetsi 50, na wa Osaka wakanunua ya Marekani, ya hetsi 60, na mpaka leo nchi imegawanyika hivyo, mashariki na magharibi. Mashine yangu ni ya upande wa Osaka. Ingetokea upande wa Tokyo, na transfoma yangu hiyohiyo, nisingekuwa na kisa cha kusimulia. Wala besi.

Nikauliza, kwa sauti ndogo, kwa nini hakuna aliyeniambia.

"Mgeni hamwambii mwenyeji chumvi imezidi," akasema mzee wa Ilala.

"Sheria ya pili," akasema Mwalimu.

"Mimi nilijua ndivyo wazee walivyokuwa wanaimba," akasema mke wangu kutoka jikoni.

Bi Mkubwa ndiye alikuwa na neno zito. "Mimi, tangu ulipotuma lile la kwanza, nimejua masikio yangu ndiyo yamekwisha. Nimekwenda hospitali, nimepanga foleni tangu alfajiri, nimepimwa. Daktari kaniambia mama, masikio yako mazima kuliko yangu. Sasa mwanangu, nauli yangu nani atanilipa?"

Nililipa. Na ya bajaji ya kurudi.

Umeme uliporudi, kila mtu alikuwa fundi. Dawa, alisema yule wa Kimara, ni kunenepesha puli ya mota, kile kigurudumu kinachovuta mkanda, kwa sehemu moja ya tano: ya milimita 10 iwe 12. Kwa leo tuzungushe tepu nyeusi ya mafundi umeme. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kila tukiongeza tunamsikia Jim Reeves akipanda ngazi kutoka kisimani. Kwenye wa sita mzee akasema imetosha. Bi Mkubwa akasema bado. Wakabishana kama Sikinde na Msondo, huyu kwa goti, yule kwa masikio yenye cheti cha daktari.

Ndipo Mwalimu akatukumbusha hesabu: mizunguko 33 na theluthi kwa dakika ni 100 kamili kwa dakika tatu. Tukabandika kipande cha karatasi kwenye pambizo la santuri. Dogo wa Manzese akashika saa ya simu, na sisi wengine, watu wazima, tukakizunguka kile kisanduku cha mbao tukihesabu kwa sauti kila karatasi ilipopita mbele ya sindano. Tepu sita: 98. Mzee akadai tumeruka mmoja. Tukarudia. 98. Tukaongeza ya saba. Tulipofika tisini dirishani walikuwa wamejaa watoto wa jirani, nao wanahesabu, tisini na sita, tisini na saba, mama mmoja anauliza kama ni mnada. "MIA!" na dogo akapaza simu juu: dakika tatu, sekunde sifuri. Shangwe yake ilimleta kinyozi na mteja mwenye nusu kichwa.

Dogo akauliza tukifika tepu 30 si itakuwa singeli? Akanyamazishwa.

Baadaye nilichongesha puli ya shaba kwa fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani, maana kwa joto la Dar gundi ya tepu inalainika, na kila baada ya siku kadhaa Bi Mkubwa alikuwa ananitumia sauti: "Jabali ameanza kusinzia tena, mwanangu." Kwenye kundi sina tena jina langu. Naitwa Osaka.

Siku ya kuifunga hiyo puli mpya, yule kijana wa Mbezi alifika mlangoni bila taarifa, na santuri moja kwapani, mafuvu kifuani. Akaangalia huku na huku.

"Kaka Osaka," akasema taratibu, "kabla hujaifunga. Hebu ibandue tepu yote kwanza. Wimbo mmoja tu."